Betri Ambazo Hazikurudi Dukani

Wengi wenu mnajua niliacha chuo. Nilikuwa nasomea takwimu, nikamaliza mwaka wa pili, karo ikakwama, nikarudi nyumbani nikisema ni muhula mmoja tu. Muhula mmoja umekuwa miaka miwili. Siku hizi natengeneza video zangu, nahariri za watu, na kazi ikiwa kavu namsaidia binamu yangu kwenye meza yake ya kutengeneza simu huko Githurai.

Hii si stori ya kuwaambia muache masomo. Tafadhali msiache. Ni stori ya betri 20, mkopo wa shilingi 70,000, na hesabu niliyoikosea mara mbili mbele ya mama yangu.

Ilianza hivi. Kuanzia Januari binamu yangu alikuwa akiwawekea watu betri za simu za aina moja, anazinunua kwa muuzaji wa jumla mjini. Kufika Septemba alikuwa ameweka 20. Zilikuwa zinamlipa, kwa hivyo akataka kukuza kazi: achukue 100 kwa mpigo, kila moja shilingi 700, halafu atundike bango kubwa linalosema BETRI MPYA, WARANTI MIEZI SITA. Pale stejini hakuna meza inayotoa waranti ya kuandikwa. Unaambiwa tu "ikisumbua rudi", na ukirudi unaambiwa umeiangusha majini.

Pesa ingetoka kwenye chama cha mama. Mkopo wa 70,000, riba 7,000, kulipa baada ya miezi sita. Na kwa sababu binamu si mwanachama, mama ndiye angekuwa mdhamini. Mkopo ukianguka, wanakata kwenye akiba yake. Akiba yenyewe ameiweka kidogo kidogo tangu nikiwa shule ya msingi.

Jumatano jioni mama akaniita jikoni. "Wewe baba ulisoma hesabu za namna hii. Chama kinakaa Jumamosi. Niambie kama niweke sahihi."

Nikajiona wa maana. Tangu niache chuo hakuna mtu wa nyumbani aliyewahi kuniambia "wewe ulisoma".

Kosa la kwanza

Nilichukua daftari la binamu. Betri 20 zimewekwa, 3 zimerudishwa zimekufa. Tatu kati ya ishirini ni asilimia 15. Kwa hivyo kati ya 100, tarajia kubadilisha 15. Faida yake kwa kila betri ni 300, jumla 30,000. Toa betri 15 za kubadilisha kwa bei ya 700, yaani 10,500. Toa riba 7,000. Zinabaki 12,500. Nikamwambia mama, "Weka sahihi, ni sawa kabisa."

Usiku nikiwa kitandani ndipo nikakumbuka kitu. Kati ya zile 20, kuna tatu ambazo zilikuwa na mwezi mmoja tu tangu ziwekwe. Mimi nimezihesabu kama betri nzima, kama zimeshapita mtihani wa miezi sita. Kwani zimefanya huo mtihani lini? Ni kama kusema mtoto wa darasa la kwanza hajawahi kuanguka mtihani wa kidato cha nne. Ni kweli. Lakini hajaufanya.

Kosa la pili

Asubuhi nikabadilisha mbinu. Nikasema wacha nitumie zile tu ambazo habari zake ninazijua mwanzo hadi mwisho, yaani zile tatu zilizokufa. Moja ilikufa mwezi wa pili, nyingine wa tano, nyingine wa saba. Wastani ni kama miezi minne na nusu na kidogo. Nikashtuka. Waranti ya miezi sita kwa betri inayoishi chini ya mitano? Nikamkimbilia mama: "Usiweke sahihi, tutafilisika."

Mama aliweka mwiko chini. "Jana ulisema ndiyo. Leo unasema hapana. Daftari ni lile lile. Hesabu ni moja ama ni mbili?"

Sikuwa na jibu. Na ya pili nayo ilikuwa mbovu, pengine kuliko ya kwanza. Fikiria darasa lenu la nane. Chukua wale wachache ambao kwa bahati mbaya wameshafariki, tafuta wastani wa umri wao. Utapata miaka ishirini hivi. Je, hiyo inamaanisha watu wa darasa lenu huishi miaka ishirini? Hapana. Ni kwamba bado ni mapema, na umewahesabu waliotangulia pekee. Watakaofika themanini hawawezi kuwa kwenye orodha yako kwa sasa.

Kwa hivyo ukizihesabu betri zinazoishi kama zimefaulu, unajidanganya upande mmoja. Ukizitupa, unajidanganya upande wa pili. Sasa unafanya nini na kitu ambacho hakijafa na hujui kitakufa lini?

Nikapiga simu

Kabla ya hesabu yoyote nilifanya kitu ambacho hakihitaji digrii. Daftari lilikuwa na namba za wateja. Nikaanza kupiga moja baada ya nyingine.

Nikajua mambo ambayo daftari halikuwa nayo. Jamaa mmoja betri ilikufa mwezi wa tatu, lakini alikuwa amehamia Kisumu, hangeweza kusafiri kurudisha betri. Dada mmoja yake ilikufa mwezi wa tano, akaniambia wazi, "Nilijua mtanizungusha, nikanunua kwingine." Kwa hivyo zilizokufa hazikuwa 3, zilikuwa 5. Mwingine simu yake iliibiwa kwenye matatu baada ya miezi minne, na betri ilikuwa nzima siku hiyo. Mwingine aliiuza simu. Na namba nne ziliniambia mteja hapatikani kwa sasa. Kwa hao nikaandika siku ya mwisho ambayo binamu aliwaona dukani na simu inafanya kazi.

Nilipomwambia binamu kuhusu wale wawili, alisema kitu cha biashara kabisa: "Lakini kijana, hawakurudi. Hawakunigharimu." Nikamjibu, "Kaka, hawakurudi kwa sababu hukuwapa karatasi. Ukiandika miezi sita kwenye bango, watarudi wote." Akanyamaza.

Watu wawili na barua za miaka minne

Hapa ndipo nilifungua notisi za rafiki niliyekuwa nalala naye chumba kimoja chuoni. Somo lenyewe lilikuwa la mwaka wa tatu. Mimi niliishia wa pili, kwa hivyo nilikuwa nalisoma kwa mara ya kwanza, usiku, nikiwa na mkopo wa watu mkononi.

Wanatakwimu wana jina la betri kama ile ya simu iliyoibiwa. Huziita data zilizokatwa. Habari yake imekatika njiani. Unajua iliishi angalau miezi minne, baada ya hapo ni giza. Hujui mwisho wake, lakini pia si kweli kwamba hujui chochote. Ile "angalau minne" ni habari kamili kabisa, na kosa langu lilikuwa ama kuiongezea ama kuitupa.

Njia inayotumika zaidi ina majina mawili, Kaplan-Meier. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Paul Meier alikuwa chuo cha Johns Hopkins, Marekani, akifikiria wagonjwa wa saratani: unapimaje muda wa kuishi kama wengine bado wako hai na wengine wameacha kuja kliniki? Wakati huo huo Edward Kaplan alikuwa maabara ya Bell, akifikiria valvu, vile vitu kama balbu vilivyokuwa ndani ya redio za zamani. Valvu hizo zilikuwa zinafungwa ndani ya vikuza sauti kwenye kebo za simu zinazolazwa chini ya bahari. Ikifa huko chini, meli lazima iende kuivua kebo. Mwaka 1956 kebo ya kwanza ya simu kuvuka Atlantiki, TAT-1, ilianza kazi kati ya Scotland na Newfoundland, na ilidumu hadi 1978. Sisi wenyewe intaneti yetu inatua Mombasa kwa kebo za baharini tangu 2009, kwa hivyo usidhani ni mambo ya mbali.

Kaplan alimwonyesha kazi yake John Tukey, aliyekuwa amewafundisha wote wawili huko Princeton. Tukey akamwambia, kuna mwenzako anafanya jambo hili hili. Wote wakapeleka makala kwa jarida moja, na jarida likawaambia wayaunganishe. Iliwachukua miaka minne ya kuandikiana barua kukubaliana, wakiogopa mtu mwingine asije akawatangulia. Makala ikatoka 1958. Mgonjwa wa saratani na valvu ya baharini, swali ni moja: huwezi kungoja wote wafe ndipo utoe jibu.

Hesabu yenyewe

Ni rahisi kuliko nilivyoogopa. Usiulize ngapi zimekufa kati ya zote. Uliza mwezi kwa mwezi: kati ya betri ambazo mwezi huu ulizikuta hai na bado naziona, ngapi zimekufa? Kisha uzidishe. Maana kufika mwezi wa sita lazima uvuke wa kwanza, halafu wa pili, halafu wa tatu, hivyo hivyo.

Mwezi wa kwanza nilikuwa na 20, haikufa hata moja, lakini 3 zilikuwa na mwezi mmoja tu, zikatoka kwenye hesabu hapo. Mwezi wa pili zilibaki 17, ikafa 1. Zilizovuka ni 16 kati ya 17, asilimia 94. Mbili habari zake zikaishia hapo. Mwezi wa tatu zilikuwa 14, ikafa 1, yaani 13 kati ya 14 zilivuka. Zidisha na ile 94, unapata asilimia 87. Mwezi wa nne hazikufa, ila 4 zilitoka, pamoja na ile ya matatu. Mwezi wa tano zilikuwa 9 peke yake, zikafa 2. Saba kati ya tisa. Zidisha tena, unafika asilimia 68. Mwezi wa sita hakuna iliyokufa.

Kwa hivyo zinazomaliza miezi sita ni kama 68 kati ya 100. Zinazokufa ni 32. Si 15. Ona mahali tofauti inatoka: zile mbili za mwezi wa tano hazikufa kati ya ishirini, zilikufa kati ya tisa. Nyingine hazikuwepo kuulizwa.

Sasa rudisha kwenye pesa. Betri 32 kwa 700 ni 22,400. Toa kwenye faida ya 30,000, toa riba 7,000. Zinabaki shilingi 600. Mia sita, kwa nusu mwaka wa kazi, na akiba ya mama imewekwa rehani.

Lakini daftari lile lile linasema kwamba miezi mitatu zinakufa 13 tu. Waranti ya miezi mitatu inaacha 13,900.

Usiniamini haraka

Nilikuwa nimeshamdanganya mama mara mbili, kwa hivyo safari hii nilijikagua.

Kwanza, betri 20 ni chache. Kuna fomula ya mwaka 1926 ya Mwingereza aitwaye Major Greenwood (Major ni jina alilopewa nyumbani, si cheo cha jeshi), inayokuambia jibu lako linaweza kuyumba kiasi gani. Nikaiweka. Ile 68 inaweza kuwa popote kati ya 41 na 95. Huo ni uwanja wa mpira mzima. Ya miezi mitatu inayumba kidogo zaidi ya nusu ya hapo, kwa sababu wakati huo betri nyingi bado zilikuwa machoni.

Pili, na hii ndiyo iliyoninyima usingizi: hesabu hii inachukulia kwamba aliyetoweka ni sawa na aliyebaki. Simu ikiibiwa kwenye matatu, sawa, mwizi hajali betri. Lakini zile namba nne ambazo hazipatikani? Labda wamebadilisha laini. Labda pia simu imezimika kwa sababu betri yangu imekufa, na ndiyo maana hapatikani! Hapo kutoweka kwenyewe ni habari.

Hakuna fomula ya kukuambia ni ipi. Unachoweza kufanya ni kujaribu pande zote mbili. Nikasema wote wanne wako salama hadi leo: zinazovuka miezi sita zinakuwa asilimia 75. Nikasema wote wanne betri zilikufa mara tu tulipowapoteza: zinashuka hadi 50. Kwa 50, waranti ya miezi sita inamwacha binamu na deni la 12,000. Nikafanya hivyo hivyo kwa miezi mitatu. Kwa ubaya wote zinakufa 24, na bado zinabaki 6,200.

Ijumaa usiku nikamwonyesha mama hayo yote kwa karatasi, mstari kwa mstari. Aliuliza swali moja: "Hii ya miezi mitatu, ukikosea vibaya, napoteza akiba?" Nikamwambia, "Kwa ninayoyajua leo, hapana. Utapata kidogo tu. Ya sita unaweza kupoteza." Jumamosi aliweka sahihi. Bango linasema MIEZI MITATU. Binamu alinuna siku mbili.

Na mimi je?

Mwezi uliopita tulikuwa kwenye harambee ya jamaa yetu. Shangazi mmoja akanitambulisha kwa mgeni: "Huyu ndiye yule aliyeshindwa na chuo." Alisema kwa upole, hata hakujua ameniumiza.

Zamani ningenuna. Siku hiyo nilikumbuka daftari. Mihula minne niliyosoma, sikuanguka somo hata moja. Halafu habari yangu ikakatika. Kuniandika "aliyeshindwa" ni kosa moja. Lakini kuna kosa lingine ambalo sisi vijana wa mtandaoni tunalipenda sana, la kuniandika "aliyefaulu bila shule", ati tazameni fulani na fulani waliacha chuo wakawa matajiri. Hiyo ni kama nilivyofanya mara ya pili, kuchukua wachache ambao mwisho wao unajulikana na kusahau wote walionyamaza.

Nilitaka sana kuishia hapo, niseme mimi ni data iliyokatwa, niacheni. Ila lile sharti la pili linanifuata. Mimi sikutoka chuo kama simu iliyoibiwa kwenye matatu. Nilitoka kwa sababu ya karo, na ukosefu wa karo huwafuata watu hata nje ya geti la chuo. Kwa hivyo siwezi kujidai kwamba niko sawa na wenzangu waliobaki. Ninachoweza kusema kwa ukweli ni hiki: miaka miwili nilionekana, nilikuwa nafanya vizuri, kisha mkaacha kuniuliza. Mtu anayetaka kujua nimefika wapi, namba yangu ni ile ile.

Kama una biashara ndogo, fungua daftari lako leo. Weka safu ya tarehe uliyouza, tarehe ya habari ya mwisho, na kama kitu kilikuwa kizima ama kimekufa. Kisha piga simu, hasa kwa wale wasiolalamika. Sisi tunapiga kila mwisho wa mwezi. Wawili kati ya wale wanne tumeshawapata. Mmoja betri iko sawa, alikuwa amebadilisha laini. Mwingine ilikufa zamani, na binamu alimwekea nyingine bila malipo ingawa hakuwa na karatasi.

Wawili bado hawapatikani. Nitajaribu tena tarehe thelathini.